Nimwage Kiasi Gani?

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, kwa sababu ina masikio mazuri na mimi nina watoto. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi ya amani. Kila asubuhi, kabla sijashusha miguu kitandani, humshukuru Mungu kwa amani hiyo, kisha humwomba anijalie niimalize siku bila kuivunja.

Huko watu hutembea kwa hatua fupi fupi, miguu ikiburuza kidogo. Mkono wa kushoto hukaa mfukoni. Usoni hakuna anayecheka wala kununa. Tunaongea kwa sauti ya chini hata tukiuza nyanya, kiasi kwamba mteja hulazimika kuinama juu ya fungu ili asikie bei. Mgeni akifika hudhani tumefiwa. Hatukufiwa. Tunamfuata Mlezi.

Mlezi Mkuu wa Taifa ndiye aliyeanza. Mwaka mmoja aliacha kutabasamu, na Ikulu ikatangaza kwamba tabasamu ni matumizi mabaya ya uso. Baadaye akaanza kutembea polepole, na magazeti yakaandika kwamba kiongozi mwenye haraka huwaacha wananchi nyuma. Kisha akautia mkono wa kushoto katika mfuko wa koti na hakuutoa tena. Hilo halikuelezwa kabisa, na kwa kuwa halikuelezwa, tulilifuata kwa bidii zaidi.

Aliyefaidika ni jirani yangu Bi. Nyamizi, fundi cherehani. Nchi nzima ilitaka mifuko mirefu upande wa kushoto. Alishona mifuko kwenye magauni, kwenye kanzu, kwenye nguo za kulalia, na mara moja kwenye joho la askofu.

Halafu mkono wake mwenyewe ukaanza kucheza. Ulicheza ukiwa umepumzika. Akiuweka mapajani, kidole gumba kilisugua kidole cha shahada kama mtu anayeviringisha tonge dogo la ugali. Akishika sindano, ulitulia kidogo. Baadaye miguu nayo ikaanza mambo yake: akifika mlangoni iliganda, ikakataa kuvuka kizingiti, kana kwamba imegundishwa sakafuni.

"Yusto, mwanangu," aliniita siku ya kwanza, akiwa amesimama katika mlango wake kama picha. "Miguu imegoma. Nipe ile rula."

Nilimpa rula yake ya mbao, ile ndefu ya kupimia kitambaa.

"Si mkononi. Ilaze chini, mbele ya vidole."

Niliilaza. Aliitazama, akainua mguu juu kama anavuka mfereji, akatoka nje.

"Nani amekufundisha hilo?" nikamuuliza.

"Mwenyezi Mungu. Rula ilianguka yenyewe jana."

Tangu siku hiyo hakutoka bila rula yake, na watu wakadhani anakwenda kupima wateja.

Wakati huo ndipo aliporudi Daktari Pendaeli, binti aliyesomeshwa ng'ambo na serikali na kwa bahati mbaya akahitimu. Alimpima Bi. Nyamizi, akamwambia ana ugonjwa wa Parkinson, kwamba ubongo wake umepungukiwa kitu kinachouwezesha kuamuru mwili, na kwamba ugonjwa huo haukuletwa na mtu wala na dhambi. Alikuwa amekuja na utafiti na vidonge. Akampa vya kuanzia. Ndani ya siku chache Bi. Nyamizi alikuwa anafunga vifungo vyake mwenyewe na kunitania tena kuhusu mwandiko wangu.

Lakini Wizara ya Afya ilikwisha kutoa msimamo wake kwamba ugonjwa huo haupo. Nchi tulivu haiwezi kuwa na watu wanaotetemeka. Wanaoonekana kutetemeka wana baridi, na baridi ni suala la Idara ya Hali ya Hewa.

"Basi niruhusuni nitafute," Daktari aliwaambia. "Kama haupo, sitauona."

Hoja hiyo iliwachanganya, wakampeleka kwenye wizara nyingine.

Sheria yetu ni nzuri sana. Inasema hakuna utafiti utakaofanyika bila jamii kushirikishwa. Ndiyo maana tuna Wizara ya Ushirikishwaji wa Jamii, jengo refu lenye uzio, mbwa, na geti ambalo jamii hairuhusiwi kupita. Wizara hiyo ina Jamii yake yenyewe, inayotunzwa kwenye bweni nyuma ya karakana. Ni watu wazuri, wasafi, wanaojua wakati wa kupiga makofi. Wameshashirikishwa kuhusu malaria, minazi, reli, na uzazi wa mpango wa nyuki. Hawajawahi kukataa kitu wala kuuliza swali, ila mmoja aliyewahi kuuliza choo kiko wapi, naye alihamishwa.

Daktari Pendaeli hakuitaka Jamii ile. Alisoma sheria mpaka mwisho, jambo ambalo waliomsomesha hawakulitarajia, akakuta kifungu kinachosema kwamba lazima angalau mgonjwa mmoja azungumze mbele ya mkutano. Asipopatikana, utafiti utafungwa na dawa zitarudishwa zilikotoka.

Wagonjwa walikuwapo, wengi tu, nyuma ya mapazia. Lakini hakuna aliyethubutu, kwa sababu ya Kikombe.

Kwetu, mtu yeyote anayetaka kusema mbele ya watu hupewa kwanza Kikombe cha Ukweli mlangoni, kimejaa maji hadi ukingoni. Hukibeba mpaka meza kuu. Yasipomwagika, yeye ni mkweli, na aseme. Yakimwagika, maji yamemkataa, ni mwongo, na askari humchukua kumpeleka kwenye Kambi ya Kurekebisha Kauli. Desturi hiyo tumeirithi kwa wazee wetu, ambao walikuwa na vikombe vikubwa na maji kidogo. Mlezi peke yake ndiye asiyebeba. Ana Mbeba Kikombe wa Taifa, kijana mwenye mshahara mzuri na mikono kama ya sanamu.

"Nitakwenda mimi," Bi. Nyamizi akasema.

Tulikuwa kibarazani kwake. Kopo la vidonge lilikuwa mezani, na sauti yake lilipotikiswa ilikuwa ya kitu kinachokaribia kwisha.

"Mama, utamwaga," nikamwambia. "Utapelekwa Kambini. Huko hawatoi dawa, wanatoa uji na mihadhara."

"Na nikibaki hapa? Kopo likiisha nitakuwa kama lile kabati. Utakuwa unakuja kunifuta vumbi."

"Tumwombe Mungu afungue njia nyingine."

"Omba wewe, mimi nilete kikombe."

Tukafanya yote mawili. Nilijaza kikombe, nikampa, nikafumba macho nikisali. Nilipofumbua, alikuwa ameshakifikisha kwenye cherehani, na sakafu ilikuwa kavu. Mkono uliokuwa ukicheza mapajani ulikuwa umetulia juu ya kikombe. Alikiweka chini, na mara ulipobaki bila kazi, ukaanza tena kuviringisha tonge lake.

"Umeona?" akasema. "Huu mkono haupendi kukaa bure. Kama wewe ungekuwa hivyo, Yusto, ungeshajenga."

Nililia kwa furaha. Nilidhani shida yetu imekwisha. Siku hizo nilikuwa mtu mwepesi wa kudhani.

Mkutano ulifanyika katika Ukumbi wa Utulivu. Mlezi mwenyewe alikuwapo, mkono mfukoni, uso hauna habari. Nyuma yake walikaa wakubwa, mikono mifukoni. Jamii ya Wizara ilijaza viti vya mbele ikiwa na fulana mpya zilizoandikwa NIMESHIRIKISHWA. Sisi watu wa kawaida tulisimama nyuma. Daktari Pendaeli alikaa pembeni karibu na feni mbovu, akikunja na kukunjua leso.

Waziri wa Ushirikishwaji, Mheshimiwa Bulima, alifungua kwa sauti ya chini inayotakiwa, ila vipaza sauti viliipeleka mpaka mtaa wa pili.

"Mtukufu Mlezi, Wizara yangu imeshirikisha, inashirikisha, na itaendelea kushirikisha kwa njia shirikishi. Leo tunaisikiliza jamii kuhusu ugonjwa ambao haupo. Kwa kuwa haupo, tunatarajia mjadala mfupi. Je, yuko mgonjwa?"

Alisema kama mnadishaji anayejua hakuna mnunuzi. Watu walitazama viatu vyao.

"Yuko," Bi. Nyamizi akasema mlangoni.

Nilimlazia rula kwenye kizingiti. Akavuka. Askari akampa Kikombe, nacho kilikuwa kimejazwa mpaka maji yametuna juu ya ukingo. Kutoka mlangoni mpaka meza kuu ni safari ambayo vijana wenye afya waliwahi kuishindwa. Alianza. Hatua fupi, miguu ikiburuza, uso umetulia. Mzee mmoja kando yangu akanong'ona, "Tazama adabu ya huyu mama! Anatembea kama Mlezi kabisa."

Mimi nilikuwa nikikariri zaburi moyoni. Alipofika katikati alipunguza mwendo, na nikaona goti la kulia likisita. Akaitafuta kwa macho mistari ya vigae sakafuni, akavuka mmoja, akavuka wa pili. Maji yalipanda upande mmoja wa kikombe, yakafikiri, yakarudi. Akafika. Akakiweka mezani mbele ya Mheshimiwa Bulima, na kitambaa cha meza kikabaki kikavu.

Nilisema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa.

"Hongera," Waziri akasema. "Maji yamekukubali. Sema."

"Mimi ni Nyamizi, fundi cherehani. Nina ugonjwa wa Parkinson. Mkono wangu unatetemeka, miguu inaganda. Dawa ya Daktari inanisaidia, nayo inakwisha. Naomba utafiti uendelee. Ni hayo tu."

Mheshimiwa Bulima akainama kukitazama Kikombe, akakizunguka, akakichungulia kama anatafuta nzi.

"Mama, unasema mkono wako unatetemeka?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na maji hayakumwagika?"

"Hayakumwagika."

"Basi mkono hautetemeki. Basi huumwi. Basi umeudanganya mkutano mbele ya Mtukufu Mlezi." Akanyoosha mgongo. "Askari!"

Daktari Pendaeli akainuka. "Mheshimiwa, ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Mkono ukipewa kazi unaweza kutulia. Mwangalie sasa, ameshakiacha kikombe..."

"Daktari, hujabeba Kikombe. Kaa."

Akakaa. Askari akamshika Bi. Nyamizi mkono wa kulia. Ule wa kushoto ulikuwa ukitetemeka kando ya gauni, watu wote wakiuona, na hakuna aliyeuona.

"Mheshimiwa," Bi. Nyamizi akasema polepole, "nikimwaga, mimi mwongo. Nisipomwaga, mimi mwongo. Niambie basi, nimwage kiasi gani?"

Mtu mmoja katika Jamii ya Wizara alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo kilichomponyoka, na mara akajifanya anakohoa. Mheshimiwa Bulima alipekua karatasi zake. Swali hilo halikuwa kwenye hotuba yake. Akageuka kumtazama Mlezi.

Mlezi akasimama.

Kwetu, Mlezi akisimama mjadala umefungwa, na akitoka ukumbini, aliyekuwa mikononi mwa askari ndiye mwenye hatia. Haijaandikwa popote. Haina haja. Ukumbi mzima ukasimama. Mlezi akaanza kwenda mlangoni kwa hatua zake ndogo, nasi tukawa tunahesabu uhuru wa Bi. Nyamizi kwa hatua hizo. Nilisali ardhi ipasuke, au mlango ujifunge, au angalau Mlezi asahau kofia.

Alifika mlangoni. Akasimama.

Tulingoja atoke. Hakutoka. Kiwiliwili kiliegemea mbele kama kinachotaka kwenda, magoti yakatikisika, lakini viatu vilibaki palepale mbele ya kizingiti. Mbeba Kikombe akaangalia walinzi. Walinzi wakaangalia viatu. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo tukafanya tulilozoea: Mlezi akiganda, taifa linaganda. Mheshimiwa Bulima aliganda na mkono hewani. Mpiga picha aliganda na jicho moja limefumbwa. Askari aliyemshika Bi. Nyamizi aliganda pia, na hata feni, kwa ubovu wake, ilionekana ina nidhamu. Jasho lilianza kumtoka Mlezi kisogoni. Alikuwa anaanguka mbele, taratibu, kwa upana wa uzi, na kumgusa Mlezi bila amri ni kosa la uhaini.

Bi. Nyamizi akautoa mkono wake katika vidole vya askari, kidole kimoja kimoja, kama anavyotoa pini kwenye kitambaa. Akachukua rula kwangu. Alitembea peke yake katika ukumbi wa watu walioganda, akainama kwa taabu, akailaza chini mbele ya viatu vya Mlezi.

"Usiangalie mlango, baba," akasema, kwa sauti ileile ya kumpima mteja kiuno. "Angalia rula. Inua mguu. Vuka."

Mlezi akatazama chini. Akainua mguu juu, akavuka. Lakini aliyumba, na ili asianguke akautoa mkono wa kushoto mfukoni na kuushika mwimo wa mlango.

Tuliuona. Ulipouacha mwimo, ulining'inia mbele ya taifa, na kidole gumba kikasugua cha shahada, kikaviringisha, kikaviringisha.

Mlinzi mmoja alishika bastola bila kujua ampige nani. Kisha mwanamke mmoja wa Jamii ya Wizara, mtu wa uzoefu mkubwa, akautoa mkono wake mfukoni na kuanza kuutetemesha. Jirani yake akafuata. Wakubwa wakafuata. Kufumba na kufumbua ukumbi wote ulikuwa mikono mitupu, inatetemeka kwa utii. Mheshimiwa Bulima, mkono wake ukiwa bado hewani, aliutikisa mpaka saa ikamtoka.

"Wananchi," akasema kwa pumzi fupi, "wameunga mkono utafiti kwa kauli moja."

Mtu pekee ambaye mkono wake ulitulia ni Bi. Nyamizi. Alikuwa ameokota rula.

Ningependa kumalizia hapo, na kila mtu aende nyumbani akamshukuru Mungu. Lakini kesho yake Wizara iliunda Kamati ya Jamii ya Kuteua Wagonjwa, maana hatungeweza kumwachia daktari kazi nyeti kama hiyo. Kutetemeka kukawa cheo. Wakurugenzi walitetemeka mkono mmoja, makatibu wakuu miwili, na Mheshimiwa Bulima akaongeza kidevu. Wote waliteuliwa. Bi. Nyamizi alipofika mbele ya Kamati amebeba rula, walimtazama mkono wenye kazi, wakaandika: *Hatetemeki ipasavyo.*

"Hivi ni vidonge vya wagonjwa," Daktari Pendaeli aliwaambia wakubwa, akikizuia kisanduku kwa mwili wake. "Aliye mzima vitamtapisha."

"Unatuita wazima?" Mheshimiwa Bulima akauliza, na kidevu chake kilitetemeka kwa hasira ya kweli. Walikichukua.

Kopo la Bi. Nyamizi likaisha. Nilimwona akigeuka kabati, kama alivyosema. Asubuhi nilimshusha kitandani, nikamlisha uji, nao ulichukua muda mrefu kushuka. Siku moja alijaribu kunitania na sauti haikutoka, midomo tu ndiyo ilicheza. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamwuliza Mungu kwa maneno ambayo sikufundishwa kanisani.

Jibu lilikuja kwa njia ya matumbo. Wakubwa walitapika. Walitapika ofisini, kwenye magari, na kwenye uzinduzi wa daraja. Mkurugenzi mmoja alianza kujipinda na kucheza mabega katikati ya kikao, na wenzake wakamwiga mpaka walipogundua kwamba hachezi kwa kupenda. Mheshimiwa Bulima alitangaza kutoka kitandani kwamba amepona kabisa, na kwamba ushiriki wake katika utafiti umefikia malengo. Mmoja mmoja wakarudisha vidonge, kimyakimya, kwa madereva wao. Kamati ikakosa wa kumteua, ikavunjika.

Daktari Pendaeli akafungua dirisha la kliniki na kusema aje anayeumwa.

Nilimpeleka Bi. Nyamizi kwa toroli la mifuko ya saruji, nimelitandika kanga. Foleni ilikuwepo, na haikuwa na mtu mwenye fulana. Walikuwa watu wa nyuma ya mapazia. Mikono yao ilikuwa nje ya mifuko, ya wanaume, ya wanawake, na ya mwalimu mmoja wa shule ambaye miaka yote tulidhani ni mlevi. Hawakuigana. Kila mmoja alitetemeka kivyake.

Bi. Nyamizi alikunywa kidonge chake dirishani. Tulikaa kwenye benchi kungoja kifanye kazi, mimi nikisali kwa mkono wake mkononi mwangu. Jua lilipofika kwenye bati, nilihisi vidole vyake vinanibana.

"Yusto," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Umenitandikia kanga chafu."

Nilikuwa bado nafuta machozi gari jeusi liliposimama kando ya barabara. Akashuka mtu mmoja, peke yake, koti refu, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Alikuja kwa hatua fupi moja kwa moja mpaka dirishani, mbele ya watu wote. Foleni ikashusha macho. Mwalimu akarudi nyuma kumpisha. Daktari akasimama na kisanduku mkononi. Mimi sikumtambua mtu yule. Nasisitiza mbele ya Mungu na mbele ya yeyote anayesoma hapa kwa kazi maalumu: sikumtambua.

Bi. Nyamizi akasimama. Niliushika ukingo wa gauni lake, akanipiga kofi dogo mkononi.

"Baba," akamwambia yule mtu, bila ukali, "foleni inaanzia kule nyuma."

Hakuna aliyesogea. Yule mtu alimtazama kwa muda, uso wake ukiwa hauna habari yoyote. Kisha akageuka, akaanza kurudi, hatua ndogo baada ya hatua ndogo, akiwapita watu mmoja mmoja, mpaka nyuma ya msichana wa mwisho. Akasimama hapo. Baada ya kitambo akautoa mkono mfukoni.

Mimi nililivuta toroli ili tuondoke kabla amani haijavunjika. Bi. Nyamizi alikataa kupanda. Alitaka kutembea. Tulipofika kwenye kizingiti cha geti la kliniki nilimlazia rula, akavuka vizuri, nami nikainama kuiokota.

"Iache hapo," akasema.

"Mama, wewe utatumia nini?"

"Nina nyingine nyumbani. Iache. Yule wa mwisho ataihitaji."